Jinsi Nilivyoipata Pedali ya Mutinda

Mwezi uliopita nilimkabidhi kijana aliyechukua nafasi yangu ufunguo wa stoo ya vyombo, pale hotelini Westlands. Nilimwonyesha kiti kinachoyumba, waya ambao lazima usukumwe kidogo ndipo maikrofoni iitike, na mpishi mkuu ambaye usipomsalimia kwanza utakula wali mkavu. Aliandika yote kwenye simu yake. Kisha akaniuliza swali ambalo kila mpiga ngoma mchanga huniuliza.

"Mzae, niambie ukweli. Hii pedali yako uliitoa wapi? Nimetafuta kama hii tao yote, wapi!"

Nilimwambia hata akizunguka mji mzima hataipata, ni ya zamani, haitengenezwi tena. Ni kweli, lakini hilo halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu na halinipendezi. Kwa kuwa nyinyi vijana wa bendi mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu thelathini na miwili nyuma ya ngoma, nitaandika hilo, na pengine nisiandike kingine. Mniwie radhi kwa kutotaja vyeo. Katika bendi kuna cheo kimoja tu, kiongozi, na kazi yake ni kupigiwa simu na watu wenye hasira.

Msomaji asiyepiga ngoma aelewe jambo moja kwanza. Ile ngoma kubwa inayolala sakafuni hupigwa kwa mguu wa kulia. Mguu unakanyaga ubao wa chuma, ubao unavuta mkanda au mnyororo, na mkanda unarusha kirungu kinachopiga ngozi ya ngoma. Pembeni kuna springi ya kukirudisha kirungu nyuma, na chini ya springi kuna nati. Ukiikaza nati, kirungu kinarudi upesi lakini mguu unafanya kazi zaidi. Ukiilegeza, mguu unapumzika, ila kirungu kinarudi kwa wakati wake. Nimewajua watu wazima waliomaliza miaka kumi wakiizungusha nati hiyo huku na huku.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumapili, bendi ya chakula cha mchana katika hoteli moja katikati ya jiji. Nilitoka kwenye ngoma za kanisa letu Riruta, ambako kila kitu kiko mahali pake na mzee wa kanisa anaweka ufunguo. Nilifika saa nzima kabla ya wakati, nimevaa tai. Nikakaa, nikashusha mguu, nikakanyaga zulia tupu.

"Pedali iko wapi?" nikauliza.

Mpiga besi alicheka mpaka akashika meza. "Jamani, huyu amekuja harusi bila viatu!"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ngoma ni za hoteli lakini pedali ni ya mtu. Kila mpiga ngoma hubeba yake kwenye begi, kama kinyozi na mashine yake. Siku hiyo alikuwepo mwenye kiti hicho siku za kazi, mwanamume mfupi kutoka Machakos aitwaye Mutinda, aliyekuja kunitazama kabla ya kuniachia Jumapili. Begi lake lilikuwa miguuni pake. Nililitazama. Aliniona nikilitazama, akaagiza chai.

"Leo piga bila mguu," alisema. "Utajua kazi yake."

Nilipiga saa tatu bila ngoma ya mguu. Wateja walikula. Hakuna aliyelalamika, lakini hakuna aliyetikisa hata kichwa, na mpiga besi alikuwa akinitazama kama mtu anayebeba kabati peke yake. Tulipomaliza Mutinda alinisaidia kukunja nyaya.

"Mwalimu, si ungeniazima tu?"

"Kijana, wewe unaazimana mswaki?"

Nilimwita Mwalimu tangu siku hiyo, naye hakukataa.

Pedali yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyekuwa akiacha muziki ili awe mchungaji. Ilikuwa na tabia ya kutembea. Kila wimbo ulipoisha ilikuwa imesogea mbele kiasi cha kiganja, nami nimeifuata, mpaka magoti yangu yakakaribia kugusa ngoma. Mutinda alinishauri niipigilie pini chini, nikaharibu zulia la hoteli na nikaitwa ofisini.

Ya pili ilitengenezwa na fundi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na Adams Arcade, mtu wa kuchomelea mageti ambaye aliniambia hakuna chuma kinachomshinda. Nilimchorea. Alinisikiliza kwa makini, akapima mguu wangu kwa utepe kama fundi wa viatu. Ilipokuwa tayari niliibeba hadi hotelini kwa mikono miwili.

Mutinda aliizunguka. "Hii ni pedali ama ni bawaba ya geti?"

"Ina nguvu, Mwalimu."

"Naona. Ukishindwa kupiga, utafungia ng'ombe."

Niliitumia miezi minne kwa ukaidi. Bado nina uvimbe mdogo kwenye kifundo cha mguu unaojua mvua inapokuja.

Ya tatu ilitoka ng'ambo, imeletwa na binamu yangu kwenye sanduku lake katikati ya nguo. Ilikuwa na minyororo miwili na ilikimbia kama maji. Ilikimbia kunishinda. Tulipokwenda kurekodi nyimbo za kwaya moja, fundi wa sauti alivua vifaa vya masikioni akasema ngoma yangu inasikika kama mgeni anayebisha mlango na hana hakika ni nyumba yenyewe. Alikuwa sahihi. Nilihangaika na hiyo miaka mingi, nikibadilisha kirungu, viatu, hata urefu wa kiti. Ilikuwa ikinitosha kwa kazi. Haikuwa ikinitosha mimi.

Sasa niseme juu ya pedali ya Mutinda. Kwa macho haikuwa kitu. Mnyororo haikuwa nao, ilikuwa na mkanda wa ngozi uliokuwa umeshonwa mara mbili na fundi wa viatu, na kirungu chenye kichwa cha kitambaa kilichobonyea upande mmoja. Lakini mzee huyo alipokanyaga, ngoma ilitoa sauti kavu, fupi, iliyofika mwisho wa ukumbi bila kumsumbua aliyekaa karibu. Alipiga taratibu, akingoja hadi dakika ya mwisho, na bado hakuchelewa. Mara moja, alipokwenda msalani, nilikaa kwenye kiti chake nikapiga mapigo manne. Mguu wangu ulitulia. Ilikuwa kama kukanyaga ngazi ya nyumba ulimozaliwa, hutazami chini. Mpiga besi aliinua macho akaniuliza, "Hiyo ni wewe?" Nilinyanyuka upesi kama mtu aliyefumaniwa. Nadhani kosa langu lilianzia hapo, kwa sababu tangu siku hiyo sikuacha kuitamani.

Miaka tisa iliyopita Mutinda aliugua. Asubuhi moja nyumbani kwake, mtaa wa Satellite, aliamka upande wa kulia ukiwa mzito. Madaktari walisema amepona kwa bahati, ila mguu utachukua muda na asiache kuutumia. Nilishika siku zake hotelini. Kila Alhamisi nilimtembelea, na kila mara nilimkuta sebuleni na pedali imeegemezwa kwenye godoro, akikanyaga. Mke wake, Mama Mwende, alikuwa akipita na sufuria akisema, "Nyumba hii ina moyo wa pili, na wa pili haunyamazi hata wakati wa habari."

Alikuwa akitafuta nati. Mguu haukuwa na nguvu ya zamani, kwa hiyo ilibidi springi iwe legevu kiasi kwamba uzito wa mguu peke yake ungetosha, lakini isiwe legevu hadi kirungu kikasahau kurudi. Alihangaika wiki kadhaa. Siku alipoipata alinionyesha kama mtu anayeonyesha mjukuu. Alipiga wimbo mzima polepole, kisha upesi kidogo, na kila pigo lilikaa mahali pake.

"Umeona? Mguu ni mgonjwa lakini hesabu ni nzima."

Hotelini kulikuwa na meneja mpya. Alitangaza kwamba Jumanne saa nne asubuhi wanamuziki wote wapige mbele yake, achague watakaobaki. Mutinda alisema atakuja. Mimi pia nilitakiwa kupiga, lakini nilikuwa na Jumapili zangu na sikuwa na hofu. Kwake ndiyo ilikuwa njia ya kurudi, na wote tulijua hakutakuwa na nyingine. Nani atamwajiri mzee aliyeugua hivyo?

Jumamosi kabla ya hapo nilikuwa na harusi ya bustanini, Kitisuru. Ijumaa mnyororo wa pedali yangu ulikatika. Nilikwenda Satellite. Sitasema nilijilazimisha, kwa maana njia nzima nilikuwa na furaha ya siri.

Nilipomwomba aniazime, Mutinda alilivuta begi karibu na mguu wake. Mama Mwende ndiye aliyenitetea: "Baba Mwende, mpe. Ni nani alikushikia kazi hii miezi yote?"

"Sijakataa." Alinipa begi, lakini hakuliachilia mara moja. "Kariuki, springi usiguse. Nimeitafuta mpaka nikaipata. Jumanne niletee huko huko hotelini."

"Siwezi kuigusa, Mwalimu."

Sisi wenye kazi hii tuna desturi. Ukilazimika kugeuza nati ya mtu, unaiwekea alama kwanza, tone la rangi ya kucha, ili uirudishe ilipokuwa. Kila mpiga ngoma wa jiji hili ana kichupa cha rangi ya kucha na mke ambaye amewahi kuuliza ni cha nani. Changu kilikuwemo mfukoni mwa begi langu siku hiyo.

Bustani ilikuwa kubwa, nyasi laini, sauti ikipotelea kwenye miti. Hadi keki ilipokatwa mambo yalikwenda vizuri. Kisha wakwe wakataka benga, na benga inakimbia. Springi ilikuwa legevu mno kwa mguu mzima unaotaka kukimbia, kirungu kilibaki nyuma, na kiongozi akanigeukia: "Kariuki, amka! Watu wanacheza!" Kati ya wimbo mmoja na mwingine niliinama nikakaza nati. Kichupa nilikiona. Nilijiambia hakuna muda, na kwamba nina masikio, nitairudisha kwa kuisikia tu.

Nilipiga siku hiyo kuliko nilivyowahi kupiga. Wazee walicheza hadi makoti yakavuliwa. Bibi mmoja alikuja kunishika mkono. Mwenzangu wa gitaa alisema, "Leo umekula nini?" Sikuwahi kusikia ngoma yangu ikisema vile nilivyokuwa nikiisikia kichwani tangu kanisani Riruta.

Jumapili niliilegeza, kwa kukisia. Nilikanyaga, nikaona ni nyepesi, nikaridhika. Hapo ndipo penye kosa ambalo ningependa mlielewe hata mkisahau mengine. Niliipima kwa mguu wangu. Iliyokuwa nyepesi kwangu haikuwa nyepesi kwa mtu aliyekuwa akikanyaga kwa uzito tu. Na nilishuku. Mkono wangu ulijua kwamba nilikaza zaidi ya nilivyolegeza. Jumatatu nilishinda nyumbani, pedali iko mlangoni ndani ya begi, na sikuifungua tena.

Jumanne Mutinda alikuja na shati jeupe, akitembea polepole, Mama Mwende akimfuata na mkoba wa dawa. Nilimpa begi kwenye ukumbi, saa nne kasoro dakika kumi. Aliifunga pedali kwenye ngoma bila haraka.

"Hukuigusa?"

Meneja alikuwa tayari ameketi. Wenzetu walikuwa wakinisikiliza. Ningeweza kusema, "Niliigusa, Mwalimu, ngoja tuilegeze," na ingechukua dakika tano. Angenitukana kwa Kikamba, tungecheka.

"Sikuigusa."

Alianza vizuri. Ubeti wa kwanza mguu ulimsikiliza. Wa pili niliona bega lake la kulia likishuka, kama la mtu anayesukuma mlango uliovimba. Alijaribu kukanyaga kwa nguvu, pigo likaja mapema, akangoja, likaja baadaye. Mpiga besi alimpunguzia mwendo, meneja akasikia anapunguziwa. Katikati ya wimbo Mutinda aliweka fimbo zake juu ya ngoma ndogo, moja kando ya nyingine.

"Samahani," alimwambia meneja. "Ni mguu. Nilidhani umerudi."

Alitazama mguu, si pedali. Hakuwa na sababu ya kuitazama pedali. Nilikuwa nimemwambia.

Siku hiyo nilipewa siku zote za wiki. Alipokuwa akiondoka aliniita kando, akanisukumia begi kifuani.

"Chukua. Nyumbani itanikera bure. Wewe una mguu."

"Mwalimu, hapana."

"Chukua, bwana! Usinifanye niibebe."

Niliichukua. Niliifungua springi nikaiweka ninavyotaka mimi, na nimeipiga miaka tisa, katikati ya jiji kisha Westlands, na watu wengi wameisifu. Ndiyo hiyo mnayoitafuta tao yote.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza kwa utaratibu, maana mimi ni mtu wa kupanga mambo. Mwezi wa kwanza niliogopa. Mwaka wa kwanza niliona nimechelewa. Baadaye alianza kuufanyia mzaha mguu wake, na ilionekana kama amezoea. Kwenye mazishi ya mpiga besi wetu aliulizwa kama bado anapiga, akajigonga paja akasema, "Huu ulimtangulia marehemu." Watu walicheka. Nilicheka nao.

Nilipostaafu niliamua kwenda. Alhamisi moja asubuhi nilikwenda Satellite na begi. Mutinda amekonda, anatembea na fimbo, lakini macho ni yale yale. Mama Mwende alileta chai akakaa. Nilisema yote mbele yao, kwa mfuatano, harusi, benga, kichupa cha rangi, Jumapili, Jumatatu, na neno nililolisema ukumbini. Nilipomaliza Mutinda aliweka kikombe chini.

"Mizunguko mingapi?"

"Sijui kwa hakika. Kama mitatu haikurudi."

"Mitatu." Alitazama mguu wake. "Daktari aliniambia niutumie, nisiuache. Unajua kwa nini niliuacha?"

"Najua, Mwalimu."

"Hujui. Nilirudi nyumbani nikaona ninajidanganya. Mtu mzima, na godoro, kila asubuhi! Niliona aibu mbele ya huyu mama." Alimwonyesha Mama Mwende kwa kidevu. "Kumbe siku ile mguu ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima wa kutosha," nilisema.

Mama Mwende alikusanya vikombe, changu kikiwa bado na chai.

"Weka begi hapo," alisema Mutinda. "Sina hasira, Kariuki. Hasira ingetaka nguvu. Nataka kukaa na habari hii kidogo. Enda."

Alhamisi iliyofuata nilirudi. Mama Mwende alinifungulia mlango nusu, akasimama katikati ya nafasi hiyo.

"Amelala."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nyuma yake, kutoka sebuleni, nilisikia mkanda wa ngozi ukivutwa na kirungu kikigonga kitu laini. Mapigo manne, kimya, manne tena. Yeye pia alisikia kwamba nimesikia.

"Amelala, baba," alirudia, safari hii bila kunitazama, akafunga.

Nilibaki uani muda mrefu kuliko ilivyofaa. Mpiga ngoma akisikia pigo huhesabu, hata asipotaka. La kwanza lilikuwa sawa, na la pili. La tatu lilichelewa. Alianza upya, likachelewa. Nilisikia nati ikizungushwa, akaanza tena, na bado la tatu lilikuja likiwa limechelewa.